Mnyororo Usiokubaliana na Gia

Baiskeli za mbio za mtumba ziuzwazo Mombasa hutoka viwanda mbalimbali na miaka mbalimbali, na spea ya moja huenda isiingie katika nyingine. Kijana hurudi kwa fundi akasema, "Mama, yatakiwa mnyororo mpya," na pesa za nyumbani zikatoka bila ya swali. Maswali yapo, na mama aweza kuyauliza.

Kwanza zihesabiwe sahani za meno kwenye gurudumu la nyuma. Zikiwa 8, mnyororo uwe wa 8. Zikiwa 10, uwe wa 10. Macho hudanganyika hapa, kwani minyororo hiyo yote ina masafa mamoja baina ya pini na pini, milimita 12.7. Tofauti ni unene: wa 8 hukaribia milimita 7, wa 10 milimita 6, wa 11 milimita 5.5. Mnene hugusa sahani ya jirani. Muuzaji akisema zote ni moja, afadhali kuondoka. Kipande cha zamani kichukuliwe dukani, kilinganishwe na kipya.

Je, mnyororo umechakaa kweli? Upimwe kwa rula ya chuma (utepe wa cherehani hunyumbuka). Pini ya kwanza ikiwa kwenye sifuri, ya 25 yapasa kuangukia inchi 12 barabara. Ikipita kwa milimita moja na nusu, ubadilishwe. Ikifikia milimita 3, aghalabu meno nayo yamekwisha kulika, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Aliyechelewesha kwa kubana matumizi hununua vyote viwili.

Krenki, yaani mkono ubebao pedali, ndiyo ghali zaidi. Urefu wake huandikwa upande wa ndani: 170 ni wa kawaida, na mfupi wa kimo hustarehe zaidi na 165. Krenki nyingi za bolti tano zimepangwa katika duara la milimita 130, nazo hazipokei sahani ya mbele iliyo chini ya meno 38. Atakaye meno 34 ili kupanda vilima kwa wepesi atahitaji krenki ya duara la 110.

Pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha ya kulia. Anayeilazimisha huzila hesi, na krenki iliyonunuliwa asubuhi ikawa ya kutupwa jioni.