Mbwa Msaidizi wa Mtoto Kwenye Bustani za Michezo

Mbwa msaidizi hufunzwa kazi mahususi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kama kumwongoza asiyeona au kumtuliza mtoto mwenye usonji anapofadhaika. Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu humruhusu mbwa msaidizi kuingia hata kwenye bustani kubwa za michezo. Mlangoni wahudumu huweza kuuliza mambo mawili tu: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani? Hawadai cheti. Mitambo ya kasi haimfai mbwa. Mzazi mmoja hubaki naye huku mwingine akipanda na mtoto, kisha hupokezana. Kwa mbwa aliye mgeni katika kazi hii, ziara ya kwanza iwe fupi, siku isiyo na msongamano, na maji yawe karibu.