Picha 36, na Hakuna ya Kufuta

Sisi ni wanawake watano wa likelemba moja hapa Bukavu: walimu wawili, mshonaji mmoja na wamama wawili wa soko. Mwaka jana mwenzetu mmoja alitoa sandukuni apareyi ya picha ya marehemu baba yake, aliyekuwa akipiga picha za harusi na ubatizo. Ni ile ya zamani, ya kutia filimu. Ndugu yake aliye Ubelgiji alituletea filimu moja ya picha 36. Tukapatana kwamba kila mmoja atapiga saba, barabarani na sokoni. Ile moja ya mwisho tungeiamua baadaye.

Tulidhani ni mchezo. Kumbe tulikuwa tunaingia darasani.

Telefone imetuzoeza kupiga picha kumi na kufuta tisa. Filimu haifuti. Unapima mwanga, unazungusha pete ya lensi, unabonyeza, basi. Mwanga ukizidi kidogo filimu inavumilia. Ukipungua sana, picha inakuwa giza. Kosa lako hulioni mpaka siku filimu itakaposafishwa.

Lakini woga mkubwa ulikuwa wa watu. Si rahisi kumsimamia mtu usiyemjua huko Kadutu na kumwambia, "Jambo mama, unaturuhusu tukupige picha?" Wengine walikataa, tulishukuru, tukapita. Askari hatukuwapiga hata kidogo, maana hilo linaleta matatizo. Mwenzetu mmoja, ambaye hakumaliza shule ya msingi na hasemi kitu mkutanoni, alirudi siku tatu bila picha hata moja. Siku ya nne alimwendea mama muuza sambaza. Mikono ikitetemeka, akabonyeza.

Filimu ilirudishwa Ubelgiji kusafishwa, nasi tukangoja miezi miwili. Katika kungoja tulisoma habari za Vivian Maier, mwanamke aliyezaliwa New York mwaka 1926, akalea watoto wa watu miaka karibu 40, zaidi huko Chicago. Alitembea barabarani na watoto hao, apareyi yake ya Rolleiflex kifuani, akipiga watu wa kawaida. Aliacha picha zaidi ya 100,000, na filimu nyingi hakuzisafisha kamwe. Karibu hakuna aliyeziona. Mwaka 2007 vitu vyake viliuzwa kwa mnada. Alikufa mwaka 2009, na ndipo dunia ikamjua. Tulijiuliza: sisi wamama tumeficha mangapi sandukuni?

Picha zetu ziliporudi, kumi na moja zilikuwa giza au ukungu. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zetu sisi walimu, tuliojiona tunajua. Ile ya sambaza ilikuwa imepinda, mkono mmoja wa mama umekatwa kando. Lakini alikuwa anacheka, na sote tukacheka naye. Mwenzetu akasema, "Miezi miwili nilijua nimeharibu." Alipompelekea yule mama nakala, mama aliifunga katika kitambaa pamoja na feza zake.

Hapo sisi walimu tuliona haya. Darasani tunao watoto wanaofuta mpaka karatasi inatoboka, wanaofunika daftari kwa mkono. Nani aliwafundisha aibu hiyo? Ni kalamu yetu nyekundu, na nyumbani ni sauti yetu: "Umekosea tena?"

Sasa kila Ijumaa tunaandika ubaoni kosa moja letu wenyewe, na watoto wanatafuta lilipo. Juma la kwanza mikono miwili tu iliinuka. Leo wanagombania chaki, na wanaokosea ubaoni hawarudi tena kwenye benchi wakilia.

Nyumbani nawe unaweza. Jioni moja mwache mtoto aandike bila kufuta. Akimaliza, mwulize kwanza, "Wapi umependa?" Kisha, "Wapi ungebadilisha?" Mama asiyejua kusoma anaweza kuuliza maswali hayo pia, na mtoto atamsomea.

Picha ya 36 tulimwachia mtoto wa mshonaji, mwenye miaka saba. Alitupanga, akabonyeza, akawakata wawili wetu vichwa. Tumeitundika pale tunapokutania kila Jumamosi.