Siha Haipimwi kwa Macho

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba ni jambo la kawaida kumwambia mtu aliyeongezeka mwili kuwa amepata siha, na kumpa pole yule aliyepungua. Lugha hiyo tumeirithi kutoka zama ambazo njaa na kifua kikuu viliwakondesha watu kabla ya kuwaua, na mwili mnene ukawa ushahidi kwamba nyumba ile ina chakula na haina maradhi. Hatuna sababu ya kuwacheka wazee wetu kwa hilo. Hata hivyo, maradhi ya mapafu yanayoletwa na virusi, ambayo katika karne hii yameienea dunia nzima mwaka 2009 na tena mwaka 2020, yametoa funzo ambalo wananchi na watendaji wa Serikali hawana budi kulizingatia. Ndani ya mwili wa binadamu kuna shahamu na kuna misuli, na virusi vinapoingia kifuani, viwili hivyo humvuta mgonjwa kuelekea pande mbili tofauti.

Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa homa ya mafua ya aina ya H1N1 imeenea ulimwenguni. Madaktari walikwishajua kuwa mafua huwaelemea zaidi wazee, wajawazito na wenye maradhi ya moyo au pumu. Walichokiona katika jimbo la California nchini Marekani kiliwashangaza: miongoni mwa watu wazima waliolazwa au kufariki kwa homa ile, na ambao uzito na urefu wao ulijulikana, zaidi ya nusu walikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi. Tangu hapo unene ukaingizwa katika orodha ya mambo yanayomzidishia hatari mgonjwa wa mafua.

Miaka kumi na moja baadaye ulipoenea ugonjwa wa UVIKO-19, jambo lile lile lilijitokeza kwa ukali zaidi. Katika mji wa Lille nchini Ufaransa, madaktari waliwachunguza wagonjwa 124 waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi mwanzoni mwa mwaka 2020. Karibu nusu yao walikuwa na kiribatumbo, na kadiri unene ulivyozidi ndivyo haja ya mashine ya kupumulia ilivyozidi. Miongoni mwa wale walionenepa kuliko wote, takriban sita katika kila saba hawakuweza kupumua bila ya mashine hiyo.

Msomaji ana haki ya kuuliza sababu. Iliyo wazi zaidi ni ya nafasi. Shahamu iliyojaa tumboni husukuma juu kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka, hasa mtu anapolala chali. Mzima huweza kuishi na dhiki hiyo bila ya kuitambua. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamejaa uvimbe na majimaji hana akiba ya pumzi ya kumvusha.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Tulizoea kuidhani shahamu kuwa ni ghala tu, mahali mwili unapoweka chakula cha ziada. Ukweli ni kwamba shahamu ni kiungo kinachofanya kazi, hasa ile inayozunguka utumbo na ini, na miongoni mwa inavyovitoa ni kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Mtu wa namna hii huwa tayari ana moto mdogo unaofuka ndani, na virusi vikija huwa kama upepo juu ya makaa. Damu yake nayo huwa nyepesi kuganda, na sukari yake ngumu kudhibitika. Aidha, utafiti uliofanywa nchini Nicaragua na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa watu wazima wenye kiribatumbo walioambukizwa mafua ya aina A waliendelea kutoa virusi kwa muda uliozidi ule wa wenzao kwa asilimia 42. Kwetu sisi, ambao nyumba moja huwa na bibi, wazazi na wajukuu, hilo si jambo dogo.

Sasa tuitazame misuli. Kupumua ni kazi ya misuli, na kukohoa ili kusafisha kifua ni kazi ya misuli. Zaidi ya hayo, misuli ndiyo akiba kubwa ya protini mwilini. Mgonjwa anaposhindwa kula, mwili huichota akiba hiyo ili kuzilisha chembe za kinga na kutengeneza upya viungo vilivyoumia. Mwenye akiba ndogo huishiwa mapema. Katika mji wa São Paulo nchini Brazil, wagonjwa 186 wa UVIKO-19 walipimwa walipolazwa, nguvu ya kiganja chao na unene wa msuli wa paja. Waliokuwa na nguvu zaidi na misuli mikubwa zaidi walitoka hospitalini mapema kuliko wenzao.

Kitanda chenyewe nacho ni adui wa misuli. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulipima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi siku baada ya siku, na kugundua kuwa kwa siku kumi tu msuli huo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 17. Kijana mwenye nguvu huweza kuistahimili hasara hiyo. Mzee aliyeingia hospitalini akiwa tayari dhaifu huenda asiweze tena kwenda msikitini wala sokoni kwa miguu yake, ijapokuwa virusi vimekwisha kumwacha.

Kutokana na hayo, haitoshi kumtazama mtu na kusema huyu mnene yumo hatarini na huyu mwembamba yu salama. Kipimo kinachotumika sana, cha kugawa uzito wa mtu kwa kilo kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kilianzia kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Kipimo hicho ni rahisi na kina faida, lakini hakiwezi kutofautisha kilo ya shahamu na kilo ya msuli. Utafiti uliohusisha watu milioni 6.9 nchini England, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa hatari ya kulazwa kwa UVIKO-19 ilikuwa ndogo kabisa penye kipimo cha 23 hivi, ikapanda kwa wanene, na ikapanda pia kwa waliokonda mno. Wako watu wembamba wa mikono na miguu waliobeba shahamu nyingi tumboni, na wako wanene ambao chini ya unene wao misuli imekwisha kunyauka. Hawa wa mwisho wamebeba hasara zote mbili.

Tunasisitiza kwamba unene si aibu wala si ruhusa ya kumdhihaki mtu. Maisha yetu yamebadilika. Mwanamke anayelima mwani pwani ya Jambiani, anayetembea majini na kubeba mzigo kichwani, hana haja ya kufundishwa mazoezi. Lakini mwanawe anayefanya kazi ya ofisini mjini hufika kazini kwa gari, hukaa kitini mchana kutwa, hunywa chai yenye sukari nyingi na maandazi asubuhi, na soda jioni. Mwili wake unafanya kile unachotakiwa ufanye na maisha ya namna hiyo.

Jambo la kufurahisha ni kuwa vipimo viwili vyenye manufaa makubwa havihitaji fedha. Cha kwanza ni uzi. Mtu achukue uzi wenye urefu wake mwenyewe, aukunje katikati, kisha auzungushe kiunoni. Usipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wake, na hiyo ni ishara ya kuchukua hadhari. Cha pili ni kiti. Aketi, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano. Akizidisha sekunde 15, misuli yake inahitaji kushughulikiwa. Dawa yake ni kutembea kwa haraka, kupanda ngazi, kulima, kubeba na kuinua vitu vizito kwa kiasi, na kula protini ya kutosha. Dagaa, samaki, mayai, kunde na choroko tunavyo visiwani. Mazoezi hupunguza shahamu ya tumboni hata pale mizani inapoonesha mabadiliko machache.

Kwa upande wa Serikali, tunatoa rai tatu. Kwanza, vituo vya afya vya Unguja na Pemba viongeze kipimo cha kiuno na cha kuinuka kitini pale vinapompima mtu uzito, hasa kwa waliopindukia miaka 50, na matokeo yaandikwe ili ijulikane mapema ni nani atakayehitaji chanjo na uangalizi wa kwanza maradhi yakizuka. Pili, katika wodi zetu mgonjwa wa mapafu asiachwe kitandani kuliko inavyolazimu. Mara daktari anaporuhusu, aketishwe, asimamishwe, atembezwe, na jamaa wanaomletea chakula waelekezwe kuwa uji mtupu hautoshi. Tatu, Siku ya Mazoezi ya Kitaifa inayoadhimishwa kila tarehe 1 Januari ni jambo jema, lakini siku moja haijengi msuli. Ari ile ihamie katika shehia, na masheha pamoja na walimu wa skuli wasimamie viwanja na njia za waendao kwa miguu, ili wanawake na wazee nao wapate pa kufanyia mazoezi kwa stara na usalama.

Virusi vya mapafu vitarudi, kwa jina hili au jina jingine, na visiwa vinavyopokea meli na ndege kila siku haviwezi kufunga milango yake daima. Vitanda vya wagonjwa mahututi tulivyo navyo ni vichache, na mashine za kupumulia hununuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Akiba ya misuli hujengwa nyumbani na shambani, miaka mingi kabla ya homa kuingia, na wakati wa kuijenga ni huu ambao tungali wazima.