Sheria ya Ulaya juu ya misitu: tuipime mbele haijaanza

Wanunuzi wa kahawa na kakao wamebadilisha swali. Zamani waliuliza: muko na tani ngapi, na ubora wake ni gani? Sasa, mbele ya kuongea bei, wanauliza kila shamba liko wapi na lilikuwa nini mwaka 2020. Swali hilo linatoka kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile inayokataza kuingiza Ulaya mazao yaliyolimwa pahali msitu ulikatwa nyuma ya 31 Desemba 2020. Inagusa kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe. Kwetu mashariki, kahawa na kakao ndizo za kwanza.

Hii sheria ingeanza kutumika 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja, kisha mwaka mwingine tena. Sasa tarehe ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa zile ndogo. Watu wengi wamefurahi kusikia neno "ndogo", wakafikiri ni sisi. Hapana. Wanaosemwa hapo ni wafanyabiashara wa Ulaya wanaoingiza mali, si mama mwenye miti 300 ya kahawa kule Kalehe. Na tarehe yenyewe iko karibu kuliko inavyoonekana. Kahawa inayovunwa mwezi wa tano inaoshwa, inakaushwa, inatolewa ganda, inangoja makaratasi, kisha inashuka paka Mombasa ao Dar es Salaam. Ikifika bandari ya Antwerpen, mwaka umekwisha. Kwa hiyo, kwa mkulima, sheria inaanza siku ile anapoleta kahawa yake kwenye mizani.

Ulaya wenyewe waliipima sheria yao mbele ya kuitunga. Mwaka 2020 waliomba maoni ya watu, wakapata majibu karibu milioni 1 na laki 2. Na pendekezo la 17 Novemba 2021 lilikuja pamoja na uchunguzi mnene juu ya matokeo yake. Ni kazi nzuri, hatuichekelei. Lakini ule uchunguzi haukupanda mulima wa Lubero kuhesabu mashamba ya koperative yako. Hiyo hesabu tutaifanya sisi, ao haitafanyika.

Tuanze na watu, pesa tutaifikia. Komite ichukue orodha ya wanachama na kuuliza kwa kila mmoja: nani anaweza kubaki nje? Wengi wetu tuko na chini ya hekta 4, na kwao sheria inaomba pointi moja tu ya GPS kwa kila shamba. Shamba linalopita hekta 4 ndilo linaombwa kuzungukwa lote. Hapo hakuna shida kubwa.

Shida iko kwenye neno "msitu". Kwa hii sheria, msitu ni ardhi inayopita nusu hekta (tuseme mita 50 kwa 100), yenye miti ya zaidi ya mita 5, na kivuli chake kinafunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Shamba la kahawa chini ya grevilea na migomba haliitwi msitu, kwa sababu ni shamba. Lakini ramani ya satelaiti inaweza kukosea, ikaona kivuli chako cha 2020 ikadhani ni pori, na leo ikaona umepunguza matawi ikadhani umekata msitu. Mwanachama mwenye kivuli kizito aandikwe mapema: miti yake ya kahawa ilipandwa mwaka gani, na nani jirani anaweza kushuhudia.

Mikaratusi ni jambo lingine, na hapa wengi watashangaa. Miti ya kupandwa nayo inahesabiwa kuwa msitu. Mtu aliyekuwa na mikaratusi ya kupita nusu hekta, akaikata yote mwaka 2022 ili apande kahawa sababu bei ilipanda, anaweza kukataliwa, hata kama ile miti aliipanda kwa mikono yake. Tunaona hii ni kali. Lakini afadhali komite ijue leo ni wanachama wangapi wako katika hali hiyo, kuliko kuisikia kontena likiwa limekwisha kufika.

Kuna pia waliokimbia vita. Mtu aliacha shamba lake Masisi ao Rutshuru, akakaa miaka mingi kambini, akarudi akakuta pori limeota juu ya kahawa yake. Akilifyeka, analisafisha shamba lake ao anakata msitu? Inategemea pori lile lilikuwa limefikia wapi siku ya 31 Desemba 2020, na alilifyeka mwaka gani. Maswali ya namna hii yaandikwe kwa majina na miaka. Ndiyo yanayofaa kupelekwa kwa wenye kutunga sheria, kwa sababu hayaonekani kutoka mbali.

Sheria inaomba tena mazao yalimwe kwa kufuata sheria za nchi yenyewe. Shamba lililo ndani ya mipaka ya Parki ya Virunga halipiti, hata kama lililimwa miaka 30 iliyopita. Kuhusu karatasi za ardhi, tusiogopeshwe bure. Sheria yetu ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni mali ya Serikali, ikaahidi agizo la Rais juu ya ardhi za desturi, na miaka makumi ikapita bila ile agizo kutoka. Ndiyo maana wakulima wengi hawana kitu mkononi zaidi ya neno la shefu. Ulaya wameeleza kwamba pale sheria ya nchi haidai hati ili mtu alime na kuuza, wao pia hawaidai. Mtu akikuambia ununue hati kwanza ndiyo kahawa yako iende Ulaya, muombe akuonyeshe maandiko.

Sasa pesa. Tuchukue koperative ya mfano: wanachama 600, kila mmoja na mashamba 2. Ni pointi 1,200. Ajenti mmoja anayetembea kwa miguu akipata mashamba 12 kwa siku, ni siku 100 za kazi. Tukimlipa dola 10 kwa siku, ni dola 1,000. Tuongeze simu mbili kwa dola 300, na dola 400 za usafiri na za kuingiza majina kwenye kompyuta: jumla ni 1,700. Kama koperative inauza kontena moja, yaani mifuko 320 ya kilo 60, ni kilo 19,200. Ukigawanya, ni karibu senti 9 kwa kila kilo ya kahawa tayari. Kwa kuwa kilo moja ya kahawa tayari inaomba kama kilo 6 za kahawa nyekundu, ni senti moja na nusu kwenye mizani ya mkulima. Muweke bei za kwenu, hesabu itabadilika. Kisha muulize: nani analipa hiyo senti moja na nusu? Ikiwa haijaandikwa kwenye mkataba, itatoka kwa mkulima kimya kimya.

Wanunuzi wengine watasema: sisi tutalipa yote. Muzuri, lakini faili ile itakaa kwa nani? Koperative isiyokuwa na nakala ya pointi zake imefungwa kwa mnunuzi mmoja, na mwaka kesho atapanga bei anavyotaka. Nakala ya faili ya koperative iwe sharti, hata kama mnunuzi anachukia.

Jambo la mwisho la kupima ni kahawa ya jirani. Hii sheria hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana na ile isiyojulikana. Mifuko michache bila shamba inaharibu kontena lote. Wanachama tutakaowaacha nje hawataacha kulima. Watauza usiku kwa wale wanaovusha kahawa upande wa pili wa ziwa, kwa bei ya chini, ao wataipitisha kwa jina la shemeji aliye na pointi. Kwa hiyo kila jina linalobaki nje lihesabiwe pia kama hatari kwa walio ndani. Wamama wajane waangaliwe zaidi: shamba likiandikwa kwa jina la shemeji sababu yeye ndiye alikuwa nyumbani siku ajenti alipopita, kulibadilisha nyuma ni makambo.

Hesabu ikikamilika, isomwe kwenye mkutano mkuu, kisha ipelekwe: kwa ONAPAC, kwa shirikisho la koperative, kwa mnunuzi, na kwa ofisi ya Umoja wa Ulaya Kinshasa. Tume ya Ulaya iliagizwa kutoa ripoti ya kurahisisha hii sheria kufikia 30 Aprili 2026, na nyuma ya hapo mazungumzo hayafungwi. Kurasa mbili zinatosha: wanachama wangapi, mashamba mangapi, wangapi wanaweza kubaki nje na kwa sababu gani, na gharama kwa kilo. Nakala moja ibaki kwa karani, moja kwa komite ya usimamizi, na moja iwekwe nje ya kijiji, sababu tunajua namna ofisi zetu zinavyochomwa.