Toni za Kichina zinakushinda? Kamuulize shosho wako Meru au Embu

Tuanze na biashara. Kwa Kichina, 买 hutamkwa mǎi na maana yake ni kununua. 卖 hutamkwa mài na maana yake ni kuuza. Silabi ni ileile, sauti tu ndiyo imebadilika. Kijana mwenye gunia za makadamia akiteleza hapo, atamwambia mnunuzi kwamba amekuja kununua, na wawili hao watabaki wakitazamana tu.

Si mfano wa mbali. Meru na Embu hukuza makadamia na avokado, na tangu 2022 avokado mbichi kutoka Kenya zimekuwa zikiuzwa China. Barabara kuu ya Thika, ambayo wengi wetu huipitia tukitoka Nairobi kwenda nyumbani, ilijengwa na kampuni za China na kufunguliwa 2012. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, ya kwanza barani Afrika. Mapema 2019, taasisi ya mitaala, KICD, ilitangaza kwamba Kichina kingeanza kufundishwa Gredi ya 4 mwaka uliofuata. Kwa hivyo swali la kujifunza au kutojifunza lishawafikia vijana wengi.

Kinachowatisha ni toni. Unapakua programu kwenye simu, unaambiwa urudie mā, má, mǎ, mà, na masikioni mwako yote yanasikika "ma". Wiki ya pili unaifuta.

Lakini ngoja kidogo. Kama unaongea Kimeru au Kiembu, toni si kitu kigeni kwako. Lugha hizi mbili, pamoja na Kikuyu na Kikamba, ni lugha za toni. Kuna maneno ambayo ukiyaandika yanafanana kabisa, lakini mtu akiyatamka unajua mara moja anamaanisha lipi. Hujawahi kuliona jambo hili kwa sababu maandishi yetu hayaonyeshi toni. Ile alama ya juu kwenye ĩ na ũ inakuonyesha irabu, haikwambii sauti ipande au ishuke.

Kiswahili hakina toni. Chenyewe hutumia mkazo, na kwa kawaida mkazo huo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza pia si lugha ya toni. Basi kijana aliyelelewa mjini kwa Sheng, Kiswahili na Kiingereza pekee, na ambaye husikia Kimeru Krismasi tu, anaanza Kichina bila sikio hilo. Yule aliyechekwa shuleni kwa kubonga kilugha anaweza kuwa mbele yake hatua moja. Hatua moja tu, tusidanganyane, kwa sababu kazi bado ipo.

Tofauti iko hivi. Lugha nyingi za Kibantu zenye toni zina viwango viwili vya msingi: juu na chini. Kichina sanifu kina toni nne, na karibu kila silabi hubeba yake. Ya kwanza hukaa juu bila kutikisika: mā, mama. Ya pili hupanda, kama mtu anayeuliza "eeh?" akiwa hajasikia: má, mmea wa nyuzi. Ya tatu hushuka chini kabisa, na ukiitamka peke yake huinuka kidogo mwishoni: mǎ, farasi. Ya nne huporomoka ghafla kama amri: mà, kutukana. Sasa fikiria unamwita mama wa mtu halafu inatoka farasi.

Habari njema ni kwamba baba ni bàba. Hilo tayari unalo.

Matamshi mengine yanataka mazoezi ya mdomo. Kwenye Kichina, tofauti ya p na b iko kwenye pumzi. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo. Ukisema pà, yaani kuogopa, karatasi ipepee. Ukisema bà, itulie. Halafu kuna r na l, ugonjwa ambao watu wa Mlima Kenya hutaniwa kila siku. Rè ni joto, lè ni furaha. Ukishrabu hapa hakuna wa kukuokoa. Kunja ncha ya ulimi nyuma kwa r, iguse nyuma ya meno ya juu kwa l.

Kuhusu kuandika, usijaribu kukariri kila alama kama picha. Nunua daftari la hesabu lenye miraba, lile la shule ya msingi, na uandike alama moja kwa kila mraba. Kanuni za mwanzo ni chache: anza juu ushuke, anza kushoto uende kulia, mstari wa kulala kabla ya ule wa kusimama. Chukua 木, mti, wenye mistari minne. Miti miwili, 林, ni kijisitu. Mitatu, 森, ni msitu mnene kama ule wa mlimani kwetu.

Alama nyingi zina sehemu mbili: moja inadokeza maana, nyingine inadokeza sauti. 妈, mama, ina 女, mwanamke, upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna 马, yule farasi, aliyewekwa hapo kwa sababu ya sauti "ma" tu. Na zile alama za biashara? 卖, kuuza, ni 买, kununua, iliyoongezewa 十 juu. Ukiliona hilo mara moja, hutalisahau.

Orodha rasmi ya China ya 1988 ilitaja alama 2,500 za matumizi ya kawaida. Ukijifunza tano kwa siku bila kukosa, hiyo ni siku 500. Si mchezo, lakini ni kazi inayohesabika.

Kabla hujalipia darasa lolote, fanya jaribio hili la bure. Mpigie shosho, au mtembelee wikendi ukipata gari la Nkubu au Runyenjes. Mwombe maneno kumi ya Kimeru au Kiembu ambayo huandikwa sawa lakini hutamkwa tofauti. Yarekodi kwenye simu, uyasikilize, uyarudie hadi aache kukucheka. Ukishaweza kuyatofautisha, rudi kwenye mā, má, mǎ, mà. Na hata ukiamua Kichina si chako, utakuwa umemsikiliza shosho vizuri kuliko ulivyowahi.