Pete ya Filta na Kona za Picha

Asubuhi moja ufukweni Nungwi, maji yakiwa yamekupwa, nilipiga picha ya ngalawa iliyolala mchangani chini ya anga pana. Kamera ilikuwa na lenzi ya pembe pana ya milimita 10 hadi 18, ambayo mdomo wake unapokea filta ya milimita 67. Filta niliyokuwa nayo ilikuwa ya milimita 58, ya ile lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera. Nikaunganisha viwili hivyo kwa pete ya kushushia. Juani, kwenye kioo kidogo cha kamera, sikuona kasoro yoyote. Jioni nilipofungua picha kwenye kompyuta, kona zote nne zilikuwa nyeusi ti, na omo ya ngalawa ilikuwa imemezwa na giza.

Pete ile ilikuwa nzima, na filta ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa langu: nilichagua pete bila kujua lenzi pana inadai nini.

Pete hizi ni za aina mbili. Pete ya kupandishia inaifanya lenzi yenye mdomo mdogo ivae filta kubwa. Pete ya kushushia inaifanya lenzi yenye mdomo mkubwa ivae filta ndogo. Faida yake ni kubwa kwa mtu anayehesabu fedha zake. Lenzi moja inataka milimita 49, nyingine 58, nyingine 67, nyingine 77. Filta nzuri ya polaraiza, ile inayopunguza mng'ao juu ya maji, ni ghali, na kununua moja kwa kila lenzi ni kulipia kioo kilekile mara nne. Pete ni chuma tu chenye hesi pande mbili. Haina kioo, kwa hiyo haiwezi kuharibu ung'avu wa picha. Inachoweza kuharibu ni nafasi ya mwanga kupita.

Hapo ndipo lenzi pana inapotofautiana na nyingine. Chukua kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Lenzi ya milimita 50 inaona nyuzi zipatazo 47 kutoka kona hadi kona. Lenzi ya milimita 16 inaona nyuzi zipatazo 107. Lenzi yangu ya milimita 10, kwenye kamera yenye kihisi kidogo, inaona karibu kiasi hichohicho. Mwanga unaotoka kwenye kona za mandhari pana kama hayo unaingia ukiwa umelala sana, na chochote kinachojitokeza mbele ya kioo kinaweza kuuzuia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila filta inaposogea mbele kwa milimita moja, lenzi ya 50 inahitaji nafasi ya ziada ya milimita 0.43 kila upande ili mwanga wa kona upite. Lenzi ya 16 inahitaji milimita 1.35. Pete na fremu ya filta zikichukua milimita 5 kwa pamoja, lenzi pana inadai karibu milimita 7 za ziada kila upande. Watengenezaji huacha akiba kidogo ya nafasi, lakini akiba hiyo ina mwisho. Mimi, kwa kushuka kutoka 67 hadi 58, niliinyang'anya lenzi milimita 4.5 kila upande, palepale ilipokuwa inadai kuongezewa.

Kwa hiyo kwenye lenzi pana pete ya kushushia haifai. Ya kupandishia inafaa, tena iwe moja. Wapo wanaounganisha pete ya 58 hadi 67 na nyingine ya 67 hadi 77 kwa sababu ndizo walizonazo mkobani. Kila pete inaongeza unene na kuisogeza filta mbele. Nunua inayoruka moja kwa moja kutoka 58 hadi 77. Vivyo hivyo, usipachike filta juu ya filta.

Wengine husema kona nyeusi zitarekebishwa kwenye kompyuta. Kona iliyofifia tu inaweza kung'arishwa. Kona iliyozibwa na chuma haina kitu ndani yake. Itabidi uikate, na ukiikata unapoteza upana uleule ulionunulia lenzi.

Pete ya kupandishia nayo ina gharama zake. Kikinga jua cha lenzi mara nyingi hakiingii tena, na kifuniko cha awali hakienei. Pia, hata pete ikiwa sahihi, polaraiza kwenye lenzi pana inataka uangalifu: nguvu yake ni kubwa zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka jua, hivyo anga pana la buluu linaweza kutokea na doa jeusi katikati na weupe pembeni. Kwa kupunguza mng'ao juu ya maji, bado inafaa.

Unapokwenda dukani, tafuta namba iliyo kando ya alama ya ø kwenye ukingo wa lenzi au ndani ya kifuniko. Usiichanganye na urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 inaweza kuwa na mdomo wa milimita 49. Ukiweza, chagua pete ya shaba ya manjano, kwa kuwa ya alumini hukwama kwa urahisi. Ikikwama, usiibane kwa vidole viwili, maana inapinda na kukaza zaidi. Igandamize sawasawa juu ya soli ya ndara safi ya mpira, kisha zungusha lenzi polepole.

Kuna jaribio moja ninalolifanya sasa kabla ya kila safari. Navisha lenzi pete na filta, naiweka kwenye upana wake wa mwisho, nafumba tundu la lenzi hadi f/16, naweka fokasi mbali, kisha napiga picha ya ukuta mweupe. Kwa tundu dogo, kivuli cha chuma hujionyesha kikiwa na ukingo mkali. Halafu nakuza kona zote nne, moja baada ya nyingine.

Ushauri wangu kwa anayeanza kununua vifaa ni huu: angalia lenzi yako yenye mdomo mkubwa kuliko zote, nunua filta moja bora ya kipimo hicho au zaidi kidogo, kisha zinunulie lenzi nyingine pete za kupandishia. Na ujaribu nyumbani, kwa sababu ngalawa niliyoipiga haikunisubiri. Maji yalipojaa, iliondoka.