Mwanga, Kamera na Ukweli: Namna ya Kupiga Picha Inayosaidia



Katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini, kuna familia zilizohama makwao zaidi ya mara moja. Nyingine zilikimbia vita. Nyingine zilifukuzwa na maji: mvua kubwa ya tarehe 4 Mei 2023 iliua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, ikafunika nyumba na mashamba kwa mawe na matope. Mtu anapohama huacha nyumba, shamba, na mara nyingi karatasi zake zote.

Siku hizi familia nyingi zina simu yenye kamera. Picha iliyopigwa vizuri inaweza kusaidia kumtafuta mtoto aliyepotea, au kuonyesha mpaka wa shamba ulivyokuwa kabla ya ugomvi. Picha yenye giza haisaidii. Na picha iliyopigwa bila busara inaweza kuleta hatari. Katika makala hii tunaeleza mambo ya msingi kuhusu kamera na mwanga, kisha namna ya kutumia picha kwa ajili ya amani.

Mifano miwili kutoka historia yetu

Mwaka 1904, huko Baringa katika Ikweta, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala. Baba huyo alikuwa ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa katika mikutano huko Ulaya na Marekani. Zilisaidia kampeni dhidi ya utawala wa mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwake. Picha hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini ziliwafanya wengi washindwe kusema kwamba hawakujua.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, wakimbizi wengi mno walijaa Goma na Bukavu, na maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. UNICEF, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine walipiga picha za watoto na kuzibandika kambini ili jamaa wawatambue. Mtoto mdogo asiyejua jina la kijiji chake aliweza kutambuliwa kwa uso wake. Kazi kama hiyo inataka uso uonekane wazi.

Kamera inafanya nini?

Kamera ni sanduku lenye giza na tundu moja. Fikirieni nyumba yenye dirisha moja la mbao. Mwanga utakaoingia unategemea mambo mawili: ukubwa wa dirisha, na muda ambao mnaliacha wazi. Jambo la tatu ni jicho la aliye ndani, kama ni jepesi au zito kuona. Kamera nayo ina mambo hayo matatu.

1. Upana wa tundu. Huandikwa kwa namba kama f/2, f/8 au f/16. Angalieni: namba ndogo ni tundu kubwa, kama vile nusu ya mkate ni kubwa kuliko robo yake. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi, lakini vitu vilivyo nyuma ya mtu huonekana kama ukungu. Tundu dogo huonyesha wazi vitu vya karibu na vya mbali.

2. Muda. Tundu hufunguliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa 1/500 ya sekunde, mtoto anayekimbia ataonekana kama amesimama. Kwa 1/30, mkono wenu ukitetemeka kidogo picha yote huvurugika. Ndiyo maana kwenye giza tunashauri kuegemeza mikono juu ya meza au ukuta.

3. Wepesi wa kuhisi mwanga. Huitwa ISO. Namba 100 inatosha juani. Ndani ya nyumba mnaweza kuhitaji 800 au 1600, lakini picha hujaa chembechembe kama mchanga.

Mambo haya matatu husaidiana. Mkipunguza moja, ongezeni jingine. Kwa mfano, f/16 kwa 1/125 ya sekunde huingiza mwanga sawa na f/8 kwa 1/500. Juani, kamera ikiwa kwenye ISO 100, anzeni na f/16 na 1/125; mara nyingi picha itakuwa nzuri.

Wenye simu wasikate tamaa. Katika simu nyingi tundu halibadiliki, na simu huchagua mengine yenyewe. Lakini mnaweza kuiongoza: gusa uso wa mtu kwenye kioo, na simu itapima mwanga wa uso ule. Katika simu nyingi alama ya jua hutokea pembeni. Isukume juu ili kuongeza mwanga, au chini ili kupunguza.

Kwa nini uso huwa mweusi kabisa?

Kamera haijui kwamba inatazama mtu. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kuufanya uwe wa kati, si mweupe sana wala mweusi sana. Mtu akisimama mbele ya turubai nyeupe la kambi, kamera huona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Turubai huwa la kijivu, na uso hupotea. Hali ni hiyo hiyo mtu akiwa na ziwa linalong'aa nyuma yake.

Tena, kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilitumia picha za wanawake weupe kama kipimo cha rangi. Ngozi nyeusi haikuhesabiwa. Kwa hiyo msidhani kosa liko kwenye uso wa mtu. Ongezeni mwanga, au badilisheni mahali.

Mwanga wa Kalehe

Sisi tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Kwa kuwa Kalehe iko upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, asubuhi jua hutoka upande wa ziwa na Idjwi. Mpiga picha akilipa ziwa mgongo, mwanga utaangukia uso wa anayepigwa. Alasiri jua huelekea milimani, na kivuli huanza mapema.

Saa sita mchana jua liko utosini, na macho hugeuka mashimo meusi. Tafuteni kivuli chepesi. Ndani ya nyumba, mtu asimame akielekea mlango ulio wazi, na mpiga picha asimame karibu na mlango huo, pembeni, asizibe mwanga.

Picha ya shamba na mpaka

Migogoro ya mashamba imegawanya jirani na jirani katika Kalehe. Mkitaka picha isaidie kamati ya upatanisho, fanyeni hivi:

- Pigeni picha tatu: ya mbali inayoonyesha mlima au barabara, ya kati, na ya karibu ya mti au jiwe la mpaka.
- Wekeni jembe kando ya alama ili ukubwa wake ujulikane.
- Andikeni tarehe, mahali, na majina ya waliokuwepo.
- Alikeni jirani wa upande wa pili. Picha iliyopigwa kwa siri huongeza ugomvi.

Kumbukeni kwamba picha si hati. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Picha husaidia tu wazee na wakubwa kukumbuka pamoja.

Kulinda watu

- Ombeni ruhusa kwanza, na elezeni picha itakwenda wapi. Mtu ana haki ya kukataa, hata kama amepewa msaada.
- Aliyetendewa ukatili asionyeshwe uso. Mpigeni jua likiwa nyuma yake, abaki kivuli tu.
- Msipige picha askari, silaha wala vizuizi vya barabarani.
- Zimeni sehemu ya simu inayohifadhi mahali, kwa maana picha inaweza kuonyesha familia ilipojificha.
- Msisambaze picha msiyojua ilipigwa wapi na lini. Picha ya zamani, au yenye giza, kila mtu anaweza kuipa maneno yake, na maneno hayo yamekwisha kuwasha chuki mara nyingi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni picha gani ingeisaidia familia yako kama ingepigwa kabla ya kuhama?
2. Nani katika jamii yetu atunze picha za mipaka, ili pande zote mbili ziwe na imani naye?
3. Tukipokea picha ya kutisha kwenye simu, tumuulize nani kabla ya kuituma kwa wengine?